Mtihani na Lumbesa

Je, mtu anaweza kumdhulumu mwenzake kwa sababu ya huruma? Zamani ningejibu haraka kwamba haiwezekani, kwani huruma na dhuluma niliziona kama maji na moto. Lakini mwaka 2011, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mji wa Changsha, mkoani Hunan, nchini China, nilitenda jambo dogo mbele ya darasa la watoto, na tangu siku hiyo sijathubutu kulijibu swali hili kwa haraka.

Jambo lenyewe ni hili: nilisoma polepole.

Naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze mambo ya huko, maana bila hayo kosa langu litaonekana kama mchezo. Sheria ya China ya mwaka 1986 humtaka kila mtoto asome miaka 9: kwa kawaida miaka 6 ya msingi na miaka 3 ya shule wanayoiita ya kati ya chini. Mwisho wa miaka hiyo, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, mtoto hufanya mtihani uitwao zhongkao. Huo ndio unaoamua nani ataendelea na shule ya kati ya juu ya kawaida, na nani ataelekezwa kwenye shule ya ufundi. Miaka mitatu baadaye, yule aliyeendelea hukutana na mtihani mwingine, gaokao, ambao ni mlango wa chuo kikuu.

Uzito wa mitihani hii katika nyumba za watu ni vigumu kuueleza. Gaokao ilisimamishwa mwaka 1966 na kurejeshwa mwaka 1977. Majira ya baridi ya mwaka huo watu zaidi ya milioni 5 walikaa kuufanya, na waliopata nafasi ni wapatao 270,000 tu. Siku za mtihani madereva huombwa wasipige honi karibu na shule, na mafundi wa ujenzi huweka nyundo chini. Mji mzima hunyamaza ili watoto wasikie.

Neno "wasikie" nimelitumia kwa makusudi. Kwa miaka mingi Wachina wenyewe walilalamika kwamba vijana wao wanajifunza "Kiingereza bubu". Kijana aliweza kusoma kurasa nyingi za Kiingereza na kuchambua sarufi yake kama fundi saa, lakini akisemeshwa alibaki ametoa macho. Sababu haikuwa fumbo. Mtihani ulipima macho; kwa hiyo walimu walifundisha macho. Kisicholetwa kwenye mizani hakuna anayehangaika kukibeba hadi sokoni. Ndipo kusikiliza nako kukaingizwa katika mtihani. Katika karatasi ya kitaifa ya gaokao, Kiingereza kina alama 150, na 30 kati ya hizo ni za kusikiliza: maswali 20, majibu matatu ya kuchagua kwa kila swali. Mazungumzo matano ya mwanzo husikika mara moja tu, na yanayofuata mara mbili. Shule za kati ya chini nazo huwazoesha watoto wao mtindo kama huo.

Basi, rafiki yangu mmoja alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kati ya chini pembezoni mwa mji. Shule hiyo sitaitaja. Mwezi Mei alinialika nisaidie siku ya mtihani wa majaribio wa darasa la tisa, yakiwa yamebaki majuma machache kabla ya zhongkao. Kazi yangu ilikuwa kugawa karatasi na kukaa kimya. Lakini dakika chache kabla ya kuanza, spika ya chumba kimoja ilikataa kutoa sauti. Walitikisa waya, wakaizima na kuiwasha, wapi! Chumba cha pili spika yake ilikuwa nzima. Mwalimu akanikabidhi karatasi yenye maneno ya kanda, akaniambia, "Wasomee wewe. Fuata maelekezo yaliyoandikwa." Kisha akaenda zake chumba cha pili.

Nikaanza kusoma. Mazungumzo mawili ya kwanza niliyasoma vizuri, kwa mwendo wa kawaida. Kisha nikainua macho, nikamwona kijana mmoja aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Nilimfahamu kidogo. Wazazi wake walikuwa wamekwenda kufanya kazi viwandani katika mkoa wa Guangdong, kama walivyofanya wazazi wengi wa Hunan, naye alikuwa akilelewa na bibi yake. Alikuwa ameinama mbele, sikio moja amelielekeza kwangu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefukuza basi ambalo limeshaondoka.

Sikupanga kitu. Mdomo wangu wenyewe ulipunguza mwendo. Nilianza kuvuta miisho ya maneno, nikaachanisha neno na neno kama mtu anayepanga vikombe mezani. Mazungumzo yaliyopaswa kusomwa mara mbili, mojawapo nililisoma mara tatu. Hakuna aliyelalamika. Nani aliyewahi kulalamika kwamba amepakuliwa chakula kingi? Nilipotoka nje nilijiona mtu mwema kabisa.

Kabla sijasema kilichofuata, nataka kujitetea kidogo, kwa kuwa utetezi wangu haukuwa wa uongo mtupu.

Kusoma na kusikiliza si pacha kama wengi wadhanivyo. Neno lililoandikwa humngoja msomaji. Akikwama hurudi nyuma, akalitazama upya, akalikisia kwa kuangalia majirani zake. Neno lililotamkwa halimngoji mtu. Sisi tuliokulia katika Kiswahili hatulioni tatizo hili upesi, maana lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Ajuaye kulisoma neno hulitambua hata akilisikia redioni. Mtoto wa Kichina hujifunza maelfu ya herufi ambazo nyingi hazimwelekezi waziwazi zitamkweje, kisha hukutana na Kiingereza, ambacho huandikwa hivi na kutamkwa vile. Nilimwona mwanafunzi aliyelijua vema neno "comfortable" kwenye karatasi, lakini alipolisikia katika kanda likiwa limebanwa kuwa silabi tatu, alidhani ni neno jipya.

Tena, Kichina cha kawaida, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti zinazorundikana. Silabi zake huishia kwenye irabu au katika sauti chache tu, kama n na ng. Vitenzi vyake havibadiliki kwa wakati uliopita. Basi mwambie mtoto huyo asikie tofauti kati ya "walk" na "walked" katika mazungumzo ya haraka! Tofauti yote imekaa kwenye ncha ya ulimi wa msemaji, mahali ambapo sikio lake halijawahi kufundishwa kutafuta kitu. Na huko Hunan kuna jambo la ziada: katika lahaja za Changsha na vijiji vingi vya mkoa huo, sauti za n na l huchanganywa. "Night" na "light" kwa sikio la mtoto wa kijijini huweza kuwa neno moja. Sisi tusicheke, kwani kwetu pia wapo watu wazima waliosoma ambao "kula" na "kura" huwasumbua, na wanapocheka wenzao huona aibu ya bure.

Mkulima wa Tanzania ataielewa dhuluma hii mara moja, kwa sababu anaijua lumbesa. Mnunuzi huja shambani na gunia, akalijaza viazi hadi mdomoni, kisha akaongeza juu yake kichuguu kingine na kukishonea wavu. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Jina la kipimo ni lile lile, lakini kilichomo ndani kimezidi. Mitihani mingi ina lumbesa. Karatasi imeandikwa "kusikiliza Kiingereza", lakini ndani yake mmeshindiliwa pia lahaja ya kijiji, uzima wa spika, nafasi ya kukaa darasani, na kama nyumbani kuna mtu wa kununua kanda za mazoezi.

Kusoma nako kuna lumbesa yake. Rafiki yangu yule aliwahi kunionyesha jaribio dogo la busara. Alichukua habari ya ufahamu iliyohusu safari ya ndege, akaificha habari yenyewe, akawapa wanafunzi kadhaa maswali matano peke yake. Binti mmoja wa mjini, aliyekwisha kupanda ndege na wazazi wake, alipata manne bila kusoma hata mstari mmoja. Alijua mizigo hupimwa wapi na abiria hungoja wapi. Mtoto wa kijijini ilimbidi ayatafute yote hayo ndani ya Kiingereza. Wote wawili wangeandikiwa kwamba wamepimwa kusoma. Kumbe mmoja alikuwa anakumbuka, na mwenzake ndiye aliyekuwa anasoma.

Kwa hiyo nilipopunguza mwendo nilidhani ninaishusha lumbesa kutoka mgongoni mwa mtoto. Huo ndio utetezi wangu, nami nilikwenda nao kulala kwa raha.

Siku tatu baadaye matokeo yalibandikwa ukutani. Chumba nilichosoma mimi kilikuwa kimeng'ara katika kusikiliza. Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo sikulijua asubuhi ile: shule ilikuwa na nafasi 12 za masomo ya jioni, bila malipo, chini ya mwalimu wake hodari kuliko wote, na nafasi hizo zingegawanywa kwa kufuata alama za Kiingereza za jaribio lile. Kijana wa dirishani alikuwa wa 11. Wa 13 alikuwa msichana mmoja wa chumba cha pili, chumba cha spika nzima. Alikosa kwa alama moja.

Nilimtazama msichana yule akiwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo. Hakulia. Aliweka kidole juu ya jina lake, akakipandisha mstari mmoja juu, akakishusha tena, kisha akaenda darasani. Hakujua kwamba mtu aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyemwibia.

Na alama moja ni nini? Katika maswali 20 yenye majibu matatu kila moja, mtu asiyejua neno hata moja la Kiingereza, akibahatisha tu, anaweza kutazamiwa kupata sita au saba. Alama moja ni kitu ambacho hata bahati huweza kuitoa. Lakini ukutani haikuandikwa kwamba hii ni alama ya bahati, au kwamba ile ni alama ya mgeni aliyesoma polepole. Ukutani namba zote hufanana.

Nilifikiri juu ya hilo usiku kucha. Huruma yangu ilimwona mtoto mmoja kwa sababu alikuwa mbele ya macho yangu. Yule wa pili alikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ulitosha kumfuta katika dhamiri yangu. Pengine na yeye alilelewa na bibi yake. Pengine na yeye husikia "night" na "light" kuwa kitu kimoja. Sikuuliza, maana sikumwona. Huu ndio udhaifu mkubwa wa huruma ya papo kwa papo: hugawa kwa aliye karibu, na mara nyingi hugawa kisichokuwa mali yake.

Wachina wa kale walilijua tatizo hili vizuri kuliko mimi. Mitihani yao ya kuwachagua maofisa wa dola ilidumu kwa takriban miaka 1,300, hadi ilipofutwa mwaka 1905. Katika enzi ya Song walifikia hatua ya kuyafunika majina ya watahiniwa. Na isitoshe, makarani waliajiriwa kunakili karatasi zote upya, ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliona ni kutoaminiana kwa ajabu. Baada ya siku ile niliona ni hekima. Walijua kwamba uso wa mtu ni rushwa. Si lazima atoe fedha; kuonekana kwake tu kunatosha.

Lakini hapa msomaji anaweza kuniuliza: basi tufumbe macho, tusome sote kwa mwendo mmoja, na mwenye lumbesa mgongoni abaki nayo? La. Haki iliyofumba macho ni nusu ya haki. Haiupendelei uso, lakini pia haiioni spika mbovu. Kinachotakiwa, nionavyo mimi, ni kuifanyia huruma kazi yake mapema, hadharani, na kwa wote, kabla majina hayajajulikana. Kisha siku ya kupima, mkono usitetemeke.

Mfano wake upo huko huko China. Kuna kanuni, zilizorekebishwa mwaka 2017, zinazohusu watu wenye ulemavu katika gaokao. Mwanafunzi asiyesikia huweza kusamehewa sehemu ya kusikiliza. Hapewi alama za sadaka, wala hahesabiwi sifuri. Alama zake za maandishi hupigiwa hesabu upya zilingane na jumla nzima: aliyepata 96 kati ya 120 huandikiwa 120 kati ya 150. Hii ni huruma, lakini ni huruma iliyoandikwa kwenye kitabu, ambayo kila mtu anaweza kuisoma na hakuna anayelazimika kumtazama mtoto usoni ili aikumbuke. Kadhalika Shanghai, tangu mwaka 2017, mtahiniwa anaweza kufanya Kiingereza mara mbili na kuchukua alama iliyo bora. Waliopanga hivyo wamekiri kwamba siku moja inaweza kumwonea mtu. Wamekiri kwa sauti, na kwa ajili ya wote.

Mimi sikukiri kwa sauti siku ile. Nilifanya kwa siri, nikajisifu kwa siri.

Asubuhi nilikwenda kwa rafiki yangu nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kwa muda mrefu, akizungusha kifuniko cha chupa yake ya chai. Hatimaye akasema, "Ungeniambia siku ile ile ingekuwa rahisi." Hakusema zaidi. Alikwenda kwa mkuu wa shule, na juma lililofuata sehemu ya kusikiliza ilirudiwa kwa maswali mapya, vyumba vyote viwili vikisikiliza spika zilizo nzima. Msichana yule aliingia katika wale 12. Kijana wa dirishani alitoka.

Nilifanya lililo sawa, lakini sikujisikia kama mtu aliyefanya jambo jema. Ni chungu kumnyang'anya mtoto kitu, hata kama ni kitu ambacho hukuwa na haki ya kumpa. Kama ningesoma vizuri tangu mwanzo asingeonja kabisa furaha ya kuliona jina lake mahali pale. Kosa la huruma lina deni la pili: anayelilipa ni yule yule uliyekusudia kumsaidia.

Nikaomba ruhusa niwe nakuja shuleni siku za Jumatano baada ya masomo, nisome kwa sauti kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Tangazo liliwekwa ukutani, mahali pale pale palipobandikwa matokeo. Siku ya kwanza walikuja 20 na ushee. Msichana alikuja, ingawa alikuwa na nafasi yake ya jioni. Kijana naye alikuja, akakaa mbele safari hii. Nilianza kwa kuwasomea polepole, nikivuta miisho ya maneno, kama nilivyofanya siku ile. Lakini sasa kila mmoja alipewa kipimo kile kile, wala hakuna alama iliyokuwa ikiandikwa.

Tulipomaliza kijana alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Akaniita laoshi, yaani mwalimu, kwani huko anayesimama mbele ya darasa huitwa hivyo hata kama ni mgeni. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba siku ya mtihani alijua nimesoma polepole. Nilimwuliza alijuaje. Akasema alikuwa ameshasikiliza kanda nyingi za mazoezi, na hakuna hata moja iliyowahi kumngoja.

Nilikosa la kumjibu. Nilimwomba radhi, naye akainamisha kichwa kwa adabu. Kisha akaniomba jambo moja: Jumatano ijayo, nikishawasomea polepole mara ya kwanza, niwasomee tena kwa mwendo wa kanda.